Kishikwambi kinaonyesha picha ya betri kisha kinazima: pima haya kabla ya kununua betri

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Lindi. Kishikwambi cha shule nilichokabidhiwa kilikaa kabatini tangu tulipofunga shule mwezi Desemba, nikakitoa mwishoni mwa Machi. Nikikichomeka, kioo kinawaka, inatokea picha ya betri tupu, baada ya sekunde chache kinazima, kisha picha inarudi tena, hivyo hivyo bila kukoma. Ninachajia kwenye tundu la USB la sola ya nyumbani. Fundi wa kwanza amesema betri imekufa, wa pili amesema tatizo ni bodi. Nimsikilize yupi? Na kuna vingine vinne bado viko kabatini, navyo vitaharibika?

Jibu: Njema, Mwalimu. Kwa maelezo uliyotoa, usimlipe yeyote kati yao kwanza, kwa sababu hakuna aliyekwambia amepima nini na namba gani imetoka. Betri na bodi (sakiti kuu ya kifaa) ni vitu vya gharama kubwa, na dalili zako zinaelekea kwenye jambo ambalo huenda lisikugharimu chochote: betri imeshuka mno, na sola unayotumia haina nguvu ya kuiamsha.

Kioo kuwaka ni dalili nzuri. Maana yake umeme umepita kwenye waya, umepita kwenye tundu la chaji, umefika kwenye bodi, na bodi ina uhai wa kutosha kuchora picha. Bodi iliyokufa kabisa haichori kitu.

Kinachofuata ni suala la volti. Seli ya lithiamu iliyomo kwenye kishikwambi ikijaa huwa na volti 4.2, na kwenye betri za aina mpya 4.35 hadi 4.4. Ikifika karibu 3.4 kifaa hujizima chenyewe. Lakini kuzima si kukata: saa ya ndani na aisi ya umeme, yaani kile kipande kidogo kwenye bodi kinachosimamia umeme, huendelea kunyonya kidogo kidogo, na seli yenyewe hupungua hata ikiwa haijaunganishwa na kitu. Kishikwambi kilichofungiwa kabatini kikiwa na asilimia 5 au 10 kinaweza kushuka chini ya volti 3 ndani ya miezi mitatu bila mtu kukigusa. Kikifika hapo, aisi ya chaji haithubutu kupeleka mkondo kamili, kwa kuwa seli iliyoshuka hivyo huumia ikilishwa kwa kasi. Inaanza na mkondo mdogo, mara nyingi kati ya miliampea 100 na 300, hadi volti zipande kufika karibu 3. Ikishuka zaidi, karibu na 2.5, kibodi (bodi ndogo) chembamba cha ulinzi kilichofichwa chini ya utepe kwenye kichwa cha betri hukata mawasiliano kabisa.

Sasa tazama tundu la sola yako. Matundu mengi ya USB kwenye sola ndogo za nyumbani hutoa nusu ampea hadi ampea moja, tena jua likiwa zuri na hakuna simu nyingine iliyochomekwa pembeni. Kuwasha kioo na kuchora ile picha peke yake kunaweza kula karibu nusu ampea hiyo yote. Betri haina cha kuongezea, volti zinaanguka, kifaa kinazima. Kikizima, volti zinapanda, kinajaribu tena. Kila mzunguko unakula kile kidogo kilichokwisha kuingia. Unaweza kukiacha hivyo kutwa nzima na jioni ukakikuta palepale.

Kwa hiyo jaribio la kwanza ni hili. Tafuta chaja ya ukutani ambayo lebo yake, kwenye mstari wa umeme unaotoka, imeandikwa 5V na 2A, pamoja na waya mfupi ulio mzima. Kama shuleni hakuna umeme wa gridi, kipeleke penye umeme wa TANESCO kwa saa chache. Kichomeke kikiwa kimezimwa, kiweke juu ya sakafu ya saruji au meza isiyo na karatasi, uwe karibu nacho saa nzima ya kwanza, na usiguse kitufe cha kuwasha hata kioo kikibaki cheusi. Kipe saa mbili hadi tatu. Nusu saa ya mwanzo kuwa kimya kabisa ni kawaida kwa betri iliyoshuka hivyo. Baada ya hapo, kikiwa bado kwenye chaja, bonyeza kitufe cha kuwasha pamoja na cha kupunguza sauti kwa pamoja, ushikilie sekunde 15 hadi 20. Kwenye vishikwambi vingi vya Android hiyo hulazimisha kifaa kuanza upya, na huondoa hali ambapo programu ndiyo iliyoganda huku betri ikiwa tayari imeamka.

Katika saa hiyo ya kwanza pitisha mkono mgongoni mwa kifaa. Uvuguvugu hauna shida. Kikiwa cha moto kiasi cha kutotaka kukishika, au ukiona kioo kinainuka pembeni, chomoa mara moja. Betri iliyovimba haichajiwi tena, haibonyezwi irudi, haitobolewi kutoa hewa. Kiweke nje ya nyumba, mbali na vitu vinavyoshika moto, hadi betri itolewe.

Kama sola ndiyo njia pekee

Piga hesabu. Betri ya miliampea-saa 5000 yenye volti 3.8 hubeba wati-saa 19. Ongeza kinachopotea njiani kama joto, unahitaji karibu wati-saa 25. Tundu la nusu ampea hutoa wati 2.5, yaani saa kumi za jua kamili bila kukitumia hata kidogo. Chaja ya ampea 2 hutoa wati 10, na kazi hiyo inaisha kwa takriban saa tatu, kwa kuwa sehemu ya mwisho ya kujaa huenda taratibu.

Ikiwa sola yako ina betri ya volti 12, achana na tundu lake la USB. Nunua chaja ya gari yenye ampea 2 au zaidi na soketi yake, uiunge kwenye betri hiyo kupitia fyuzi, kwa kuangalia vizuri chanya na hasi. Hiyo hutoa umeme ulio imara hata wingu likipita. Kishikwambi chenyewe kiwe kivulini. Hili husahaulika sana: waya ukiwa mfupi watu hukiacha juani kando ya paneli au chini ya bati lisilo na dari, na aisi nyingi hukata chaji joto la betri likifika karibu nyuzi 45. Kifaa kinaonekana kibovu mchana, usiku kinachaji vizuri, na mwenyewe anazunguka kwa mafundi bure.

Waya

Waya ndio unaoharibika mara nyingi kuliko vyote na ndio unaotiliwa shaka mwisho. Swali si kama unapitisha umeme. Swali ni unapitisha kiasi gani. Ndani ya waya wa bei ya chini nyuzi za umeme mara nyingi ni za kipimo cha 28AWG (namba ikiwa kubwa, uzi ni mwembamba). Kwa mita moja, kwenda na kurudi, ukinzani wake ni karibu omu 0.43. Ukivuta ampea 2, volti 0.85 zinapotelea njiani, na kati ya volti 5 zilizotoka kwenye chaja zinafika 4.15 tu. Vishikwambi vingi hupunguza mkondo volti zinapokaribia 4.5, na vingine huacha kabisa kuchaji. Waya wa 24AWG wenye urefu uleule hupoteza volti 0.34, na hapo hakuna shida. Kipimo huandikwa kwa herufi ndogo ubavuni mwa waya. Usipokikuta, chagua mfupi na mnene. Waya wa mita 2 au 3 uliokusudiwa kumfikia mtu kitandani haufai kuamsha betri iliyolala.

Kuna mtego mmoja kwenye taipu-C. Ndani ya tundu la kifaa lazima kuwe na vipande viwili vya ukinzani wa kilo-omu 5.1, ambavyo huiambia chaja kwamba hapa pana kifaa kinachotaka umeme. Watengenezaji wengine wa vishikwambi vya bei nafuu hawaviweki. Kifaa cha namna hiyo hakichaji hata kidogo kwa waya wenye kichwa cha taipu-C pande zote mbili, lakini kinachaji bila tabu kwa waya wenye kichwa kile cha zamani cha bapa upande wa chaja. Ukikuta kifaa "kilichokufa", jaribu aina zote mbili za waya kabla ya kusema neno. Na vile vya inchi 7 vya zamani vyenye tundu dogo la duara pembeni, vingi huchaji kupitia tundu hilo la duara tu. Tundu la USB ni la kuhamishia mafaili.

Kipima USB, na namba zake

Ukiwa na vishikwambi vitano chini ya uangalizi wako, kifaa kinachostahili kununuliwa kabla ya kingine chochote ni kipima USB, kile kidogo kinachochomekwa kati ya chaja na waya na kuonyesha volti na ampea. Bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya betri, na ndicho kitakachomaliza ubishi wa mafundi wako wawili.

Ikisoma 0.00, umeme haufiki au bodi haiupokei: badilisha waya, kisha tazama tundu. Ikikaa kwenye 0.05 hadi 0.3 bila kuyumba, huo ndio mlisho wa mwanzo wa betri iliyoshuka, vumilia, usichomoe. Ikipita saa tatu namba ikiwa ileile, betri haipokei. Karibu 0.5 isiyopanda, wakati chaja ni ya ampea 2, ina maana kishikwambi kinadhani kimechomekwa kwenye kompyuta, kwa kuwa kompyuta kupitia USB ya kawaida hutoa nusu ampea. Hapo nyaya mbili za data ndani ya waya zimekatika, au pini zake kwenye tundu zimechakaa, na kifaa hakiitambui chaja. Kati ya 1 na 2, kila kitu ni kizima. Namba inayopanda na kushuka kila baada ya sekunde chache pamoja na kioo kuwaka na kuzima ndiyo hali yako ya sasa. Inayorukaruka ukigusa waya ni tundu lililolegea.

Usisahau kwamba betri ikikaribia kujaa mkondo hushuka wenyewe. Pima ikiwa chini ya asilimia 70, vinginevyo utailaumu chaja isiyo na kosa. Volti nazo zisomwe wakati umeme unavutwa; chaja mbovu husoma 5.1 ikiwa haina mzigo na 4.3 ikianza kazi.

Tundu la chaji

Shuleni adui wa tundu ni vumbi la chaki na nyuzi za kitambaa kutoka kwenye mkoba. Hukandamizwa ndani kila unapochomeka, mpaka kichwa cha waya hakifiki mwisho. Zima kifaa, angalia kwa tochi, kisha chokonoa taratibu kwa kijiti cha kusafishia meno kilichochongwa kikawa chembamba. Si sindano, si pini: chuma hukwangua dhahabu ya pini au huzigusanisha. Usipulize kwa mdomo, unapeleka mate. Ukiona rangi ya kijani au nyeupe, hiyo ni kutu, na ukanda wa pwani hewa ya chumvi huileta upesi. Pangusa kwa mswaki laini uliochovywa kwenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, uache ikauke nusu saa. Kifaa kikionyesha tone la maji na kukataa kuchaji, kiache kikauke kwenye hewa. Mchele haukaushi tundu, unaliongezea unga.

Kwa tundu la maikro-USB linalolegea, jaribu waya mpya kabla ya kubadilisha tundu. Ndoana za chemchemi zinazoshikilia ziko kwenye kichwa cha waya, si kwenye tundu. Muundo huo uliwekwa makusudi ili kinachochakaa kiwe kitu cha bei ndogo.

Kikifunguliwa

Kabla ya hapo, toa taarifa kwa mkuu wa shule. Vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya mwaka 2022 na kisha kupewa walimu ni mali ya umma, na kukifungua mtaani bila maandishi kunaweza kukuletea maswali.

Fundi akifungua, simama pale umwombe akusomee namba. Laini na kadi ya kumbukumbu zitoke kwanza, kisha kiunganishi cha betri kichomolewe kabla ya bisibisi kugusa kitu kingine. Apime betri kwa multimita, pini za pembeni ambazo kwa kawaida ndizo chanya na hasi. Volti 3.6 kwenda juu: betri ina chaji, kosa liko kwingine. Kati ya 3.0 na 3.5: imeishiwa tu, si mfu. Kati ya 2.0 na 3.0: inaweza kuamka kwa mlisho mdogo, ingawa haitakaa na chaji kama zamani. Sifuri au karibu na sifuri: kibodi cha ulinzi kimekata, au seli imekwisha, na kuzitofautisha ni kupima kwenye vidole vya seli yenyewe (vipande vyake vya chuma vya chanya na hasi) chini ya ule utepe.

Mafundi wengine watataka "kuishtua". Kuna njia inayokubalika: mashine ya umeme inayodhibitiwa, volti zisizozidi 4.2, mkondo usiozidi miliampea 100, jicho likiwa juu yake, na kusitisha mara seli ikipita volti 3. Kugusisha nyaya tupu kutoka kwenye betri nyingine au chaja iliyokatwa kichwa si njia, ni hatari. Na seli iliyokaa muda mrefu chini ya volti 2 isiamshwe kwa njia yoyote ile. Ikiwa chini hivyo, shaba iliyo ndani yake huanza kuyeyuka, na ukiichaji inaweza kujijenga tena mahali pasipofaa na kuunganisha chanya na hasi humo humo ndani. Inaweza kuonekana imepona, ikaja kuwaka wiki nyingine ikiwa mkononi mwa mtoto.

Betri ikiwa nzima, ufuatwe umeme kutoka nje kwenda ndani, kifaa kikiwa kimechomekwa: je, volti 5 zipo kwenye kibodi kidogo cha tundu, kile mafundi wanachokiita sistimu chaji? Je, zipo mwisho wa utepe wa nyaya unaokiunganisha na bodi? Zikipotea kati ya hapo, kosa ni kibodi au utepe, sehemu za bei ndogo zinazobadilishwa kwa dakika chache kama hazikuchomewa kwa risasi. Zikifika kwenye bodi na betri bado haipokei, apime na kile kipande cha kupimia joto cha betri: kati ya pini yake na hasi, betri nyingi husoma karibu kilo-omu 10 kwenye nyuzi 25. Kikiwa kimekatika, bodi huamini betri imeganda kwa baridi na kukataa kuichaji, huku kila kitu kingine kikiwa kizima. Watu hubadilisha bodi kwa kosa hili. Ni baada ya haya yote tu ndipo aisi ya chaji au kinga ya volti iliyo mbele yake hutajwa, na chanzo chake mara nyingi ni chaja bandia au radi.

Betri ikibidi inunuliwe, soma iliyopo. Volti ya juu lazima ilingane: ya 4.2 kwenye kifaa cha 4.35 hushindiliwa kupita uwezo wake. Namba ya tarakimu sita kwenye seli nyingi ni vipimo: 357095 ni unene milimita 3.5, upana 70, urefu 95. Seli ya ukubwa huo hubeba takriban miliampea-saa 3000. Ikiandikwa 6000, maandishi hayo ni ya uongo. Kifaa chenye seli mbili zilizoungwa sambamba hubadilishiwa zote mbili kwa pamoja, za aina moja na umri mmoja.

Kuhusu vile vinne: ndiyo, vitafuata njia hiyo hiyo vikiachwa, na huenda kimoja kimeshafika. Vitoe wiki hii, uvichaji kimoja kimoja kwa chaja ya ampea 2 hadi asilimia 50 au 60, uvizime kabisa, uvirudishe penye kivuli na pakavu, bila kuvibananisha chini ya rundo la vitabu. Usivijaze asilimia 100 kwa kuviweka, maana seli iliyojaa huchoka upesi ikikaa bila kazi, hasa kwenye joto. Andika tarehe kwenye karatasi na uibandike mgongoni mwa kila kimoja, na kila baada ya miezi mitatu uvipandishe tena. Kwa likizo ya Juni na ya Desemba, fanya hivyo wiki ya kufunga shule, si ya kufungua.